Nilisoma Nusu ya Hukumu

Alhamisi ya tarehe 28 Juni 2012 nilikuwa nimemaliza zamu ya usiku katika nyumba ya kulea wazee nje kidogo ya Dallas, lakini mwenzangu wa asubuhi alichelewa, nikaombwa nibaki. Wakati huo nilikuwa bado muuguzi msaidizi. Diploma yangu ya miaka mitatu niliyoisotea Tanga ilikuwa ndani ya bahasha mahali fulani, ikisubiri kukaguliwa, na mimi nilikuwa nikibeba boksi kama wengine, ila boksi langu lilikuwa mgongo wa mzee wa watu wa kugeuzwa kitandani kila baada ya saa mbili. Bima ya afya sikuwa nayo. Mwajiri alihakikisha saa zangu za wiki haziniingizi kwenye kundi la wanaostahili kupewa.

Saa tatu asubuhi wazee walikuwa sebuleni, wamekwisha kunywa chai, televisheni imewashwa. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa inatoa hukumu juu ya sheria ya afya aliyoisaini Rais Obama tarehe 23 Machi 2010, ile ambayo watu wote, wapinzani na wapenzi wake, waliiita Obamacare. Ghafla CNN ikaandika chini ya skrini kwamba sharti la kila mtu kuwa na bima limefutwa. Bibi mmoja, mwalimu mstaafu, akapiga makofi. Mzee mmoja aliyekaa karibu na dirisha akatikisa kichwa na kusema neno ambalo sitaliandika kwenye jarida la familia. Dakika chache baadaye maandishi yakageuka: sharti limebaki. Bibi akanuna, mzee akacheka mpaka nikaogopa atapaliwa na juisi yake. Fox News nao walikosea vilevile asubuhi ile. Nilisoma baadaye kwamba hata Rais mwenyewe aliona kwanza ile habari ya makosa kwenye televisheni, mpaka mwanasheria wake alipoingia na kumwonyesha dole gumba juu.

Niliwaangalia wale wazee na kufikiri kitu ambacho sikuweza kukisema. Wengi wanaoishi muda mrefu katika nyumba za aina ile, akiba zao zikiisha, hulipiwa na Medicaid, bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini. Makofi na matusi yote yalikuwa yanatoka kwa watu ambao serikali ndiyo inayowalipia kitanda. Lakini mgeni mwenye miaka miwili nchini hafundishi wenyeji siasa yao. Nikaokota vikombe.

Nje ya sebule yetu mambo yalikuwa moto zaidi. Obama alihutubia taifa kutoka Ikulu akisema ni ushindi kwa watu wa nchi nzima, siasa ziwe zinasemaje. Mitt Romney, aliyekuwa anamwania kiti chake, alisimama Washington akaahidi kwamba kile ambacho mahakama haikukifanya yeye atakifanya siku ya kwanza akiapishwa. Huyohuyo Romney, alipokuwa gavana wa Massachusetts, alisaini mwaka 2006 sheria iliyofanana sana na hiyo, yenye sharti lilelile la bima. Kampeni yake ilitangaza kwamba imekusanya zaidi ya dola milioni 4 ndani ya saa ishirini na nne. Kwetu tunajua michango ya msiba na ya harusi; ya hukumu ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiona. Tarehe 11 Julai Baraza la Wawakilishi, lililokuwa mikononi mwa Warepublican, likapiga kura kuifuta sheria yote, 244 kwa 185. Kila mtu alijua Seneti haitakubali.

Aliyesemwa zaidi ya wote alikuwa Jaji Mkuu John Roberts. Aliteuliwa na George W. Bush, kwa hiyo wahafidhina walimhesabu kuwa wao. Akaungana na majaji wanne walioteuliwa na Wademokrat, hukumu ikawa tano kwa nne. Hoja yake ilikuwa kwamba Bunge haliwezi kumwamuru mtu anunue bima kwa mamlaka ya kusimamia biashara, lakini lina mamlaka ya kutoza kodi, na ile faini ya asiye na bima inaweza kuhesabiwa kuwa kodi. Aliandika pia kwamba si kazi ya mahakama kuwakinga wananchi na matokeo ya maamuzi yao ya kisiasa. Baadhi ya watu wa upande wake walimwita msaliti. Upande wa pili, watu waliokuwa wakimlaani mwezi uliotangulia wakawa wanamsifu.

Hayo niliyapata kwenye basi, kwenye simu, nikielekea nyumbani. Nilisoma vichwa vya habari na aya mbili tatu za mwanzo. Kisha nikampigia mjomba.

Mjomba ni mdogo wake mama. Aliingia Marekani miaka ya themanini kama mwanafunzi, ada ikamshinda, akabaki na teksi ya kiwanja cha ndege. Alikwisha kuwa raia muda mrefu, hakuwa na mke wala mtoto hapa, na kisukari alikuwa nacho tangu 2009. Mimi nimepewa jina la mama yake, kwa hiyo ananiita mama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona asubuhi hivi? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Ile sheria ya bima imepita mahakamani."

"Imepita vipi?"

"Imepita yote. Ikifika Januari 2014 unapata Medicaid, mjomba. Bure."

Alikaa kimya kidogo. Hakuwa mpenzi wa sheria ile. Alikuwa akisema nchi inayojiita ya uhuru haiwezi kumlazimisha mtu kununua kitu asichokitaka. Nilipomweleza kwamba Jaji Mkuu ameiita faini ile kodi, alicheka sana. "Basi hiyo ni kodi ya kichwa, mama. Babu yako akisikia watoza kodi wamefika, alikuwa anakwenda kulala kwenye mikorosho siku mbili." Lakini kabla ya kukata simu aliniuliza tena, kwa sauti nyingine, "Umesema Januari ya mwaka gani?"

Hukumu ile ilikuwa na sehemu ya pili, na mimi sikuifikia. Sheria ilitaka kila jimbo lipanue Medicaid ili impokee kila mtu mzima ambaye kipato chake hakizidi kidogo mstari wa umaskini, hata kama hana mtoto wala ulemavu. Jimbo lililokataa lingeweza kupoteza fedha zote za Medicaid zinazotoka serikali kuu, hata zile za zamani. Majaji saba kati ya tisa walisema huko ni kuyakaba majimbo koo. Kwa hiyo upanuzi ukawa hiari. Serikali kuu iliahidi kulipa gharama yote kwa miaka mitatu ya mwanzo, kisha kushuka taratibu hadi asilimia 90 mwaka 2020. Lakini tarehe 9 Julai, siku kumi na moja tu baada ya simu yangu kwa mjomba, Gavana Rick Perry aliiandikia serikali ya Obama barua kwamba Texas haitapanua.

Wakati huo nilikuwa nimejifungia na vitabu vya mtihani wa leseni ya uuguzi. Gavana sikumsikia. Ningetaka kuishia hapo, nikaseme sikujua. Lakini Machi 2013, nikiwa nimeshafaulu mtihani na kupata kazi ya unesi hospitalini, dada mmoja wa idara ya malipo alinieleza tukiwa tunakula: kwa Texas, mtu mzima asiye na mtoto, hata awe hana senti, Medicaid hapati, na mwakani hatapata. Nilimwuliza mara mbili. Jioni ile nilishika simu nimpigie mjomba, nikaiweka. Nilijipa sababu. Bunge la jimbo lilikuwa linakaa Austin, labda wangebadilisha mawazo. Kikao kikaisha mwezi wa tano bila kubadilisha kitu. Sikupiga. Nilikuwa nesi mpya mwenye beji mpya, na niliona aibu kumwambia mzee wangu kwamba nilimtangazia habari niliyoisoma nusu.

Idi ya mwezi wa nane mwaka huo tulikutana kwa mama mmoja wa Pangani anayetupikia kila mwaka. Viatu vilijaa mlangoni kama kawaida. Mjomba aliingia na vyake. Msomaji aliyelelewa pwani anajua maana yake: mtu mzima, mstaarabu, hakanyagi zulia la watu na viatu, siku ya Idi. Wengine waliona, wakanyamaza kwa heshima. Nilimfuata kwenye ukumbi mdogo.

"Mjomba, mbona hujavua viatu?"

"Miguu inanisumbua kidogo tu, mama."

Nilipiga magoti nikamvua kiatu cha kushoto mwenyewe. Soksi ilikuwa imegandana na ngozi. Harufu ile naijua tangu wodi ya upasuaji nyumbani. Ukishaisikia mara moja huhitaji kuuliza tena. Kidonda kilikuwa na wiki saba. Alikuwa anakiosha kwa maji ya chumvi na kukifunga kwa kitambaa, na insulini ya aina ya zamani alikuwa ananunua kwenye duka kubwa bila cheti, anapima kipimo kwa kukisia.

"Kwa nini hukwenda hospitali?"

"Nasubiri ile bima yako ya Januari."

Alisema bila lawama yoyote, kama mtu anayesema anasubiri basi.

Chumba cha dharura kilimpokea usiku uleule. Sheria ya mwaka 1986 inazitaka hospitali zenye vyumba vya dharura zimpime na kumtuliza mgonjwa kwanza, awe na bima au asiwe nayo. Haisemi kwamba ni bure, na wengi wetu hatuielewi hapo. Walimkata vidole viwili. Siku ya tisa alitoka, na wiki ya nne bili ikaja: dola elfu arobaini na moja na ushee.

Kikapu kilizungushwa. Watu wa Tanga, wa Zanzibar, mpaka Wakenya wa Fort Worth walichanga. Tulipata elfu mbili na mia sita. Nami nikarudi kwa yule dada wa idara ya malipo, safari hii na daftari. Akaniambia hospitali zisizo za faida, kwa sheria hiyohiyo ya 2010, zinatakiwa kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kuwasamehe au kuwapunguzia wasio na uwezo, na ziutangaze. Hospitali aliyolazwa mjomba ilikuwa ya aina hiyo. Fomu ilikuwepo. Hakuna aliyempa, naye hakujua kuiomba. Tulijaza kurasa zile kwenye meza ya jikoni kwangu, tukaambatanisha karatasi zake za kodi, na mwezi wa kumi na moja bili ilishuka hadi kiasi ambacho kikapu kilitosha kukimaliza. Kwenye televisheni, katika kelele zote za miaka ile, sikuwahi kusikia mtu yeyote akiitaja fomu ile. Kwa hiyo naitaja mimi hapa. Ukiwa na bili ya hospitali Marekani, kabla ya kuzungusha kikapu, waulize: mna fomu ya msaada wa malipo?

Usiku wa kujaza fomu ndipo nilipomwambia mjomba kuhusu Machi. Alikuwa amenyoosha mguu juu ya kiti. Aliniangalia muda mrefu, kisha akaniuliza kama chai bado ipo.

Mwaka 2014 ukafika, na kiroja chake. Bima za sokoni zilikuwa na ruzuku ya serikali kuu, lakini ruzuku ilianzia kwenye mstari wa umaskini kwenda juu, kwa sababu waandishi wa sheria walidhani walio chini ya mstari watakuwa wameshachukuliwa na Medicaid. Mahakama ilipoifanya Medicaid kuwa hiari, na Texas ikakataa, chini ya mstari kukabaki shimo. Kwa mtu mmoja mstari ulikuwa dola 11,490 kwa mwaka. Mjomba, baada ya kukaa miezi bila kuendesha teksi, alikuwa chini yake.

Tulikwenda ukumbi wa maktaba ambako kulikuwa na wasaidizi wa kujaza maombi. Meza ya jirani alikaa kijana wa Mbeya aliyeingia kwa bahati nasibu ya green card mwaka uliopita, hana kazi ya maana bado. Wenye green card wengi hawaruhusiwi Medicaid mpaka wafikishe miaka mitano, na sheria iliwafikiria: kwa kuwa Medicaid wamezuiwa kwa sababu ya uhamiaji, waliruhusiwa ruzuku hata wakiwa chini ya mstari. Kijana akaondoka na bima ya dola chache kwa mwezi. Mjomba, raia, mlipa kodi wa zaidi ya miaka ishirini, akaambiwa na yule binti msaidizi, kwa upole kabisa, kwamba kipato chake hakifiki.

"Kwa hiyo," mjomba akamwuliza kwa Kiingereza chake cha teksi, "mimi nimezidi kuwa maskini?"

Binti hakujua aseme nini. Kijana wa Mbeya alitoka nje, akatusubiri kwenye maegesho akitaka kumwomba mjomba radhi, kana kwamba alikuwa amemwibia kitu. Wako wanaosema wageni wanabebwa kuliko wenyeji, na siku ile wangeweza kumwonyesha kijana yule kwa kidole. Lakini waliolichimba shimo lile walikuwa majaji saba, gavana mmoja na Bunge la Austin. Kijana alikuwa hajui hata Austin iko wapi.

Nilichokiona baada ya hapo kinaniuma mpaka leo kuliko vidole. Binti alikuwa amemweleza kwamba kwa bima ya mwaka 2015 mstari utakuwa dola 11,670. Akitarajia kuufikia mwaka huo, atapata ruzuku. Mjomba akaanza kuendesha usiku. Kidonda kimefunga lakini mguu haujazoea mwendo wake mpya, na daktari alikuwa amemwambia apunguze kukaa kwenye usukani. Alibandika karatasi kwenye jokofu, anaandika kila jioni alichoingiza baada ya kutoa mafuta na kodi ya gari, anajumlisha. Watu wengine huficha kipato ili wapate msaada wa serikali. Mzee wangu alikuwa anakimbizana kukipandisha, na mguu wa vidole vitatu, ili serikali imwone. Januari 2015 alipata kadi. Aliipiga picha akamtumia mama yangu Tanga, na mama akapiga simu akilia, akidhani ni kitambulisho cha hospitali, kalazwa tena.

Kadi haikumaliza hata miezi sita kabla ya kurudishwa mahakamani. Safari hii swali lilikuwa kama sheria inaruhusu ruzuku katika majimbo yasiyoanzisha soko lake lenyewe la bima. Texas ilikuwa mojawapo. Tarehe 25 Juni 2015 mahakama ilisema ruhusa ipo, sita kwa tatu, Roberts tena akiandika. Jaji Scalia, aliyepinga, alidhihaki kwamba sheria hiyo sasa ipewe jina la mahakama. Mjomba aliendesha teksi siku nzima redio imezimwa, mpaka nilipompigia.

Kisha ikaja Desemba 2018. Bunge la Warepublican na Rais Trump lilikuwa limeshusha faini ya asiye na bima hadi sifuri, na Texas, ikiongoza majimbo mengine, ikaenda mahakamani kudai kwamba kama faini si kodi tena, sharti limekufa, na sharti likifa sheria yote inakufa nalo. Ijumaa jioni, tarehe 14, Jaji Reed O'Connor wa mahakama ya shirikisho hapa Fort Worth akakubali. Trump akashangilia kwenye Twitter. Siku iliyofuata, tarehe 15, ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kujiandikisha bima ya mwaka 2019 katika majimbo mengi. Simu yangu haikunyamaza usiku ule. Akina mama wa saluni, madereva, mwanafunzi mmoja wa uzamili mwenye mimba ya miezi sita, wote swali moja: tujiandikishe au imefutwa? Nilikuwa zamu. Wakati wa mapumziko nilifungua taarifa ile chumba cha wauguzi, nikasoma mpaka chini ambako ilielezwa kwamba sheria inaendelea kutumika wakati wa rufaa. Nikawajibu mmoja mmoja: jiandikisheni. Yule mwanafunzi alijiandikisha saa tano usiku ya tarehe 15.

Mwaka 2019 mjomba alitimiza miaka 65, akaingia Medicare, ya wazee wote waliochangia makazini. Ugomvi wa Obamacare haukumhusu tena. Lakini Alhamisi tarehe 17 Juni 2021, Mahakama ya Juu iliitupa kesi ile ya Texas, saba kwa mbili, ikisema waliofungua hawakuonyesha madhara yoyote yanayowapa haki ya kushtaki. Viongozi wa Democrat walisema sasa sheria imesimama kwa miguu yake. Wakubwa wa Texas walisema mapambano yanaendelea. Upanuzi wa Medicaid, mpaka ninapoandika haya, Texas haijaukubali.

Simu ya mjomba iliingia saa nne asubuhi, nikiwa nimetoka zamu, sijavua hata sare.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Nasikia wamehukumu tena. Imepita?"

"Naona hivyo. Ngoja nisome, nitakupigia."

"Zote?"

"Kurasa zote, mjomba."

"Haya. Mimi nipo, nanyoosha mguu."